Kompyuta Mpya na Mashamba ya Nyabiondo

Mushaki, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ukungu umefunika malisho. Ng'ombe nawasikia tu, siwaoni.

Leo nimeona jambo ambalo, kwa umri wangu, sikutarajia kuliona.

Kabla ya vita kututoa Nyabiondo, nilipima mashamba ya familia zetu kwa kifaa cha setilaiti na kuyachora katika kompyuta. Tulipokimbia, kompyuta ilibaki. Niliondoka na flashi tu, yenye ramani na programu ya kuifungulia. Miti ya mipaka imekwisha kung'olewa. Wiki ijayo tunarudi kupanda maharagwe, na kesho wazee wanaamua juu ya kipande kinachogombaniwa na mdogo wangu Bahati na mjane Mama Furaha. Ramani hiyo ndiyo shahidi pekee asiye na jamaa.

Binti yangu amenitumia kompyuta mpya. Programu ilikataa kufunguka.

Nakiri kosa. Niliibeba hadi dukani kwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa simu na kompyuta kutoka Butembo, nikamwambia kwa ukali kwamba binti yangu ameuziwa takataka.

"Papa Mwalimu, usitukane mashini ya watu!" alicheka. "Haiko mubovu. Prosesa yake, ile ubongo ya mashini, njo iko ya aina ingine. Programu yako inaisemesha luga yenye haijue."

Akapakua programu nyingine, ya kutafsiri. Alinieleza kwamba kila amri ya programu ya zamani inageuzwa kuwa amri ya prosesa mpya, papo hapo, kazi ikiendelea. Kwa miaka mingi nimetafsiri mahubiri kanisani kwa Kihunde, na kila mara nilimwomba mhubiri anyamaze kidogo. Mashine hii haimwombi mtu anyamaze.

Ramani ilifunguka.

Nilivua kofia. Kilima chote kilikuwa pale: kijito, njia ya miguu, kila mpaka mahali pake, kana kwamba hakuna aliyewahi kukimbia.

Kisha nikatazama kile kipande. Ni cha Mama Furaha. Nilikipima mwenyewe, Bahati akitembea mbele yangu. Nami nilikuwa tayari kuapa kwamba ni cha kwetu. Je, nilisahau, au nilipenda kusahau?

"Papa, iko muzuri?" aliuliza Mama Kavira.

Nilimlipa, nikaifunga kompyuta.

Kesho nitamwonyesha Bahati kwanza, kabla wazee hawajaketi. Ataninunia. Na anune. Mama Furaha apande maharagwe yake.