Jogoo wa Kanali Ndahani

Mtaa wa Somanda,
Bariadi,
14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mayunga,

Mwangaluka, ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu! Umeamkaje huko Newala? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa yule dereva ilikufikia au aliipaka yeye? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya asubuhi inatukomesha na pamba tumevuna nusu tu. Shemeji yako Thadei yuko nje anaanika, anasema nikusalimu kabla sijaanza maneno yangu.

Na maneno yenyewe ndiyo haya, kwa hiyo kaa chini kwanza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa makelele, nami ningelia nishindwe kumaliza. Habari ni ya mwanao Milembe. Hajafa wala haumwi, usiruke kwenda mwisho wa barua.

Unajua tulivyokuwa roho juu na usaili wake wa uofisa jeshini. Umri ulikuwa unaanza kumtupa mkono. Mwaka huu ukipita ndiyo basi tena, na binti hajawahi kutaka kazi nyingine tangu atoke JKT. Thadei alimkimbiza kila asubuhi barabara ya Nyakabindi mpaka majirani wakadhani anafukuzwa. Mimi nilimkaririsha vyeo, tarehe na majina ya wakubwa. Nawe kwenye simu ulimwambia neno moja tu: ajibu "ndiyo afande", asiongeze hata chumvi.

Mayunga, aliongeza chumvi, pilipili na ndimu.

Alirudi nyumbani, akakaa jikoni anamenya viazi ambavyo hakuna aliyemtuma. Nilipombana ndipo akasema. Hakuulizwa cheo hata kimoja, wala tarehe. Mkuu wa jopo alikuwa Kanali Ndahani, na kila aliyeingia alimchokoza mahali panapouma. Kijana mmoja alitoka analia. Mwingine alikunja ngumi. Wa tatu alikubali kila alichotukaniwa, hata kwamba kwao hawana akili, ili tu apite.

Zamu ya Milembe, Kanali akamwangalia juu hadi chini.

"Wewe wa Bariadi, si mnakula michembe, viazi vikavu, na kulala na ng'ombe? Umekuja kumwongoza nani?"

Sasa mwanao amesoma chuo Dodoma, akina Ndahani anawajua. Akili ikamwambia huyu ni Mgogo, mtani wetu sisi Wasukuma, hata msibani tunataniana. Na mdomo nao haukusubiri.

"Mgogo we! Mwaka wa njaa mlikuja kwetu na vikapu vitupu, michembe hiyo hiyo ikamlea babu yako. Leo una nyota begani unanisahau? Siku ukifa nakuja kulala kaburini kwako, na huzikwi ng'o mpaka nipewe jogoo wangu!"

Mbele ya jopo la jeshi! Nilimwuliza kama ana homa.

Anasema maafisa wawili wa pembeni waliinamia makaratasi yao, na Kanali hakutabasamu hata kidogo. Alimwuliza kama anajua yuko wapi. Milembe akakakamaa, akasema amekosea mahali pa kutania na kosa hilo ni lake, hamsingizii mtu. Lakini utani wenyewe haufuti, maana mtani akishaahidi kuja msibani ameahidi. Kanali akamwambia atoke nje. Basi, ndivyo usaili ulivyoisha.

Nilikasirika nikakosa usingizi. Miaka yote ile, ndugu yangu, shule, mbio za Nyakabindi, halafu anakwenda kumwambia mkubwa habari za kaburi. Thadei yeye alichukua jembe akaenda shamba ambako hakukuwa na cha kulima.

Tukawa tunangoja majibu. Badala ya majibu, asubuhi moja mwenzake wa usaili, Winnie, akampigia simu. Kanali Ndahani amefariki. Alikuwa ofisini mzima wa afya, moyo ukasimama, hata hospitali hakufika.

Nilishika mdomo. Jirani mmoja aliposikia aliniuliza taratibu ulimi wa yule binti una nini. Nilimfukuza, lakini usinione shujaa, swali hilo mimi mwenyewe nilikuwa nalo tangu simu ilipokatika.

Milembe akaanza kupanga begi. Thadei akamkatalia kabisa. Alisema majibu bado hayajatoka, wanajeshi watajaa msibani, na waliokuwa kwenye jopo watamwona ndiye aliyemtabiria mwenzao kifo. Akijificha, labda watasahau. Akienda, amejimaliza. Nami nilikuwa upande wa Thadei, sikufichi.

"Sengi, shangazi yangu," akaniambia, "nilimwahidi. Nisipoenda, basi siku ile nilimtukana kweli."

Nikatafuta kanga zangu nikapanda naye basi, maana mimi shangazi mtu sikuweza kumwacha aende akaaibike peke yake. Tulipita Shinyanga, tukapita Singida. Tulishuka Bahi, kwao marehemu, tumejaa vumbi.

Ndugu yangu, wanajeshi walikuwa wengi kweli, na jeneza limefunikwa bendera. Mmoja wa wale maafisa wa jopo alikuwa amesimama karibu kabisa na kaburi, na nilimwona anamkazia macho Milembe, amemjua. Nilimshika mwanao kitenge. Akanitoa mkono polepole, akawazunguka wote, akajilaza chali mdomoni mwa kaburi.

"Hapa hazikwi mtu! Jogoo wangu yuko wapi?"

Askari mmoja alikuwa tayari ameshaanza kumsogelea amnyanyue. Nikakaa chini palepale kwenye udongo. Nilijua tumekwisha.

Ndipo mjane akanyanyuka kwenye mkeka. Akauliza, "Wewe ndiye wa Bariadi?" Milembe akaitika akiwa bado amelala. Yule mama akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, wanawake wakamshika wakidhani amerukwa na akili.

"Mwacheni," akasema. "Jioni ile mume wangu alirudi anacheka peke yake. Akatuambia, siku nikifa msimfukuze Msukuma atakayekuja kudai jogoo. Huyo ni ofisa wangu."

Jogoo akaletwa, mweupe, miguu imefungwa. Milembe akainuka, akampokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo akalia, alilia kama aliyefiwa na baba. Kisha akakunja kitenge akaenda kuosha masufuria na watani wengine mpaka jua likazama. Yule afisa wa jopo alipita pale, akasimama kidogo, akaondoka.

Juzi simu imeingia. Amechukuliwa. Anaripoti mwezi ujao.

Nakuomba umpigie kabla hajaondoka. Hofu yake sasa si kwata wala kambi, ni wewe, kwa vile alivunja lile neno lako moja. Usimgombeze. Mimi mwenyewe nimeshamgombeza ya kutosha na ninaona haya.

Jogoo hatujamchinja, tumemwacha na kuku wetu. Huwika mapema mno. Jana alfajiri alipowika nilimsikia mwanao chumbani akinyanyuka kitandani. Akasema taratibu gizani, "Ndiyo, afande."

Nisalimie wifi Gloria, Deogratias na wadogo zake wote, na umwambie Mahona alete picha ya mtoto. Thadei na mama mzee wanawakumbatia. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akuponye hilo goti, na atukutanishe siku binti atakapovishwa nyota.

Dada yako akupendaye bila kupunguza,
Georgina.