Wimbo wa Kukhu Ambao Sikuupokea

Jumapili. Theluji inayeyuka, na mji wetu huku ughaibuni, Saint Louis Park, wote ni tope.

Hili tunalijua wawili tu, mimi na yeye: leo nimemkana bibi yangu, kwa neno moja.

Majira haya yote ya baridi nimekuwa nikisoma maisha ya Makweka wa kale. Walifungwa jela kwa kukataa kula kiapo mahakamani, kwa kuwa ndiyo yao ilikuwa ndiyo. Nilijivuna. Nyumbani sisi ni Marafiki, ndio haohao Makweka, tangu kwa mama yake Kukhu. Kukhu, yaani bibi yangu, aliwasili juzi kutoka kwetu Vihiga. Nikaomba twende naye kwa Makweka wa Saint Paul. Mama alitushusha mlangoni, akaenda zamu hospitalini.

Sikumwambia Kukhu kwamba hawa husali kimya. Niliogopa angekataa kuja. Alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa, na kitambaa kichwani.

"Mhubiri amechelewa?" alininong'oneza.

Nikamwashiria anyamaze.

Alivumilia weee, kisha akasimama, akaanzisha wimbo. Kwetu mmoja akianzisha, kanisa zima hupokea. Hapa walifumba macho kwa heshima. Aliyeujua wimbo ule ni mimi peke yangu, nami nilitazama viatu vyangu. Aliimba ubeti mzima peke yake, akaketi.

Baadaye, Kukhu akiwa kando yangu, mzee mmoja mpole aliniuliza kwa Kiingereza kama bibi ndiyo kwanza anakutana na Makweka.

"Ndiyo," nikasema.

Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mama yake Kukhu, Rafiki wa kwanza katika ukoo wetu, alifukuzwa kwao kwa kula kuku mbele ya wazee, enzi ambazo wanawake walikatazwa nyama hiyo, kwa sababu alisema Mungu hakumkataza. Hadithi hiyo naijua tangu utotoni. Ningeweza kumsimulia yule mzee palepale.

Na Kukhu ni mwalimu mstaafu. Kiingereza anakijua vizuri.

"Kumbe mimi ni mgeni," alisema kwenye basi, akacheka kidogo.



Jioni nilimwomba msamaha, nikasema turudi Jumapili ijayo nimweleze yule mzee ukweli.

"Rudi wewe, mjukuu wangu. Mimi kimya cha leo kinanitosha mpaka Krismasi."

Nimemwomba Mama anipeleke peke yangu. Amekubali. Kisha nikafua sare ya Kukhu iliyoshika tope pindoni, nikaitundika bafuni ikauke.