Wayua anakimbia college

Hapana Wambua, sijalewa. Nimemfokea kijana yangu mbele ya watu.

Eti binti yake Ndinda aache mbio ama aache college! Mjukuu wangu! Hiyo ni maneno ya baba yangu kabisa, mwaka ya hamsini na saba.

Si unamkumbuka dada yangu Wayua, alikuwa anasomea ualimu huko Thika. Mtu akamletea baba habari nyumbani Ruiru: "Wayua anakimbia college."

Anakimbia! Baba akajua ametoroka na mwanaume. Akashika fimbo, mimi nyuma yake mpaka Thika.

Tukamkuta kwa uwanja anazunguka na wasichana wenzake. Amevaa kaptula. Kaptula, Wambua!

"Baba, sijakimbia college. Nakimbia NDANI ya college."

"Ulikuja kusoma ama kurukaruka kama mbuzi? Funga sanduku!"

"Asubuhi nasoma, jioni nakimbia. Mtihani nimepita, uliza mwalimu. Lakini ukinitoa hapa, hapo sasa nitakimbia kweli. Hutanipata."

Alimwambia baba hivyo, mbele ya fimbo! Hutanipata!

Baba akamleta Ruiru akimtukana njia yote. Mama akapakua muthokoi ya mahindi na maharagwe, lakini sisi wote tumesimama tu, tunaangalia ile fimbo.

Mwishowe baba akanung'unika, "Eti hutanipata," akaiweka fimbo nyuma ya mlango, akakaa. Na sisi tukakaa.

"Mpe Wayua kwanza," akamwambia mama, bado amenuna. "Ale ashibe. Kesho anarudi huko kukimbia."