Mtoto Aliyefungwa Vitambaa

Mangobo, Kisangani

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Neema wetu, kisha mama yangu ambaye najua amekaa karibu nawe anasubiri umsomee. Mko wazima? Kikohozi cha Neema kimekwisha, au bado mnamdanganya kwa asali? Na goti la mama, linamruhusu kwenda misa? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nashona. Nimekonda kidogo, lakini mstari huu uuruke unapomsomea mama, maana atasema watu wa Kisangani wananiroga.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye parcelle hii, uwanja mmoja wa wapangaji wengi, ukisema "alo" watu watatu wanaitikia. Karatasi inakaa kimya mpaka ifunguliwe. Barua hii nimempa mama mmoja mfanyabiashara anayepitia Ubundu kuja Kindu, na nimeibandika gundi pande zote. Ukiona imechanika pembeni, niambie.

Ninacheka, lakini kidogo tu. Wewe husema mimi nikipewa maji nanusa kwanza ndipo ninywe. Basi Noeli ya mwaka huu nilinusa sana, na nataka nikueleze nilichokinusa, kwa sababu kinahusu kile chumba cha pili. Usiruke mistari kwenda kukitafuta mwishoni, nakujua. Soma kwa mpangilio, la sivyo utanikasirikia kabla hujajua kwa nini.

Unakumbuka kwamba Papa Anselme, mwenye parcelle, aliniahidi chumba kinachopakana na changu, ili baada ya Noeli wewe na Neema mje. Huyo Papa Anselme ndiye pia kiongozi wa shirika letu la sala hapa mtaani. Kwa hiyo nikimkosea kanisani nimemkosea nyumbani. Tangu aliponipa ahadi ile nimekuwa nikitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa sikiliza desturi yao, sisi kule kwetu hatuna. Parokia ina Mtoto Yesu wa mbao, mzito, mweusi, wa zamani kuliko sisi wote. Mkono wake mmoja ameunyoosha, kama mtoto anayeomba kubebwa. Majilio yakianza, anatoka kanisani na kuzunguka nyumba za shirika. Kila nyumba inamlaza siku chache, inasali naye, kisha inamzungushia kitambaa kimoja na kukifunga fundo lake yenyewe, na kumpeleka kwa jirani. Hakuna anayeruhusiwa kufungua. Siku ya Noeli, mbele ya pango, kila nyumba inakuja kufungua kitambaa chake, kuanzia nyumba ya mwisho kurudi hadi ya kwanza, mpaka Mtoto aonekane. Padri wetu alituambia kwamba wachungaji hawakupewa alama nyingine ila hiyo: mtoto aliyefungwa nguo, amelazwa horini. Wala si umeme wa radi, wala si kiti cha mfalme. Nguo tu.

Mimi walinipa nyumba ya mwisho. Nikajiuliza, kwa nini mgeni wa Maniema awe wa mwisho? Papa Anselme, ambaye huniita tonton, yaani mjomba, akasema:

"Ya mwisho njo iko na heshima, tonton. Weye njo utamubeba mpaka kanisani."

Heshima. Niliiweka heshima hiyo pembeni ili niitazame vizuri.

Aliyeniletea Mtoto ni Mama Charlotte, anayeuza samaki wa kukaushwa kutoka Barumbu, nyumba ya mkono wa kushoto. Mama huyo akija kuomba chumvi, chumvi inayeyuka mkononi kabla hajamaliza habari. Siku hiyo alinikabidhi furushi kwa mikono miwili, akasema "Bon, huyu hapa," akageuka. Hakuingia. Hakuuliza hata nimepika nini.

Nikamweka Mtoto mezani, karibu na cherehani. Nikapiga magoti, nikasali kama inavyotakiwa. Nilipomnyanyua kumvisha kitambaa changu, mikono yangu ikashtuka. Mke wangu, mimi ni fundi. Kutwa nzima napima mabega ya watu. Mkono wa mtu naujua hata ukiwa ndani ya koti la baridi. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Kichwa kilikuwepo, mviringo wa kichwa. Mwili ulikuwepo, mrefu. Mkono haukuwepo.

Nilikaa chini. Jambo la kwanza lililonijia si sala. Ni kwamba wamenipata.

Nikaanza kuwapanga. Mama Charlotte amemuuza, maana kuna watu wanapita wakitafuta vinyago vya zamani, na mto haukosi mitumbwi. Au ni Papa Anselme mwenyewe. Ana mpwa wake anayekitaka chumba kile, na ahadi aliyonipa haiwezi kuvunjwa bila sababu. Sababu ingekuwa nini nzuri zaidi ya hii? Mgeni amebeba furushi mpaka altareni, linafunguliwa mbele ya parokia yote, Yesu hayumo. Nani atauliza nyumba nyingine? Nikakuona wewe na Neema mmebaki Kindu mwaka mwingine, na mimi natafuta mtaa ambao habari hazijafika.

Nilishika mkasi. Nakuambia ukweli, niliushika, mchana kweupe, mlango nimeufunga. Lakini kila nyumba ina fundo lake, na kila mtu hapa analijua la kwake. Mama Charlotte hufunga kama anavyofunga vifurushi vya samaki. Nikifungua, siwezi kurudisha. Mafundo yale yangenifundisha kitu kama ningetulia, kwamba jirani zangu nao hawakuweza kufungua, lakini mwenye mashaka hafikiri mbali, anafikiria jirani.

Kesho yake nikamwendea Mama Charlotte sokoni. Nikashika samaki, nikamgeuza, nikasema kama mtu asiye na haraka:

"Mama, yule Mtoto wa mwaka huu ni mwepesi, sivyo?"

Hakuinua macho.

"Miye nilipokea vile nilipokea. Weye pia pokea."

"Lakini ulimpapasa?"

"Tonton, mutu hapapase Mungu! Unanunua samaki ao haununue?"

Nikanunua. Alinipimia vizuri kuliko siku zote, nyongeza juu ya nyongeza, na hilo likanitia mashaka zaidi.

Nikaenda kwa Papa Anselme. Alikuwa barazani anatengeneza redio, umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika na yeye anapenda kufungua vitu wakati huo. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba naona kama kuna jambo ndani ya furushi. Akaweka bisibisi chini.

"Ulifungua?"

"Hapana, Papa."

"Uliona kitu na macho?"

"Hapana. Mikono tu."

"Alors funga kitambaa yako, ulete mutoto kanisani. Bilivyo hivyo."

Ananitazama, namtazama. Nikajua anajua kitu. Yeye pia alijua kwamba nimejua. Nikarudi nyumbani, nikachukua kipande cha kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye gauni la harusi ya mteja, nikamzungushia asiyekuwepo, nikafunga fundo. Nililikaza sana. Nilitaka ionekane kwamba mimi nimefunga nilichopewa, basi.

Sasa Noeli yenyewe, misa ya asubuhi. Kanisa limejaa hadi nje, wanakwaya wamevaa kitenge kimoja, wengine niliwashonea mimi. Nikapita katikati na furushi langu. Watu wananyoosha shingo, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi mgongo wangu wote ni maji. Nikalilaza mbele ya pango. Padri akanionyesha nianze.

Nikafungua fundo langu, nikachukua kitambaa cha bluu, nikasogea pembeni. Sikurudi kwenye benchi. Nilitaka kuwaona nyuso.

Akaja Mama Charlotte. Vidole vyake, vinavyofunga samaki bila kutazama, vilihangaika na fundo lake mwenyewe. Akafungua, akasogea, akasimama karibu nami bila kunitazama. Akaja mzee mmoja mwalimu mstaafu, jasho linamtoka na kanisa lina upepo. Akaja mwingine, na mwingine. Kila mmoja alipofikia furushi alilishika kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Hapo ndipo nilipoelewa. Walijua. Wote walijua, kila mmoja peke yake. Kila nyumba ilipapasa, ikakosa mkono, ikaogopa kwamba italaumiwa, ikafunga kitambaa chake na kusukuma kwa jirani. Majilio yote tumepiga magoti mtaa mzima mbele ya kitu tusichokijua, kila mtu akimchungulia mwenzake. Papa Anselme naye akaja, akafungua cha kwake, akasimama upande wetu. Kilibaki kitambaa kimoja tu.

Nyumba ya kwanza ni ya Mama Vero. Si nyumba. Mama huyo alikimbia vita vya ng'ambo ya mto na watoto wake na mama yake mzazi asiyeona, wanalala katika darasa moja la shule nyuma ya kanisa. Shirika lilisema Yesu aanzie kwao, kwa kuwa hawana pa kukaa. Lilisema hivyo, likaenda kulala majumbani.

Mama Vero akaja polepole. Akafungua. Ndani kulikuwa na mchi wa kutwangia majani ya muhogo, pondu wanavyoyaita hapa, umesuguliwa safi.

Mahali fulani nyuma watu wakaanza kunung'unika. Mama Vero akamwambia padri, hakupaza sauti, lakini mbele tulisikia sote.

"Monpère, mvua ilikuwa inanyesha sana. Tukasema mutoto asisikie baridi. Tukamulalisha pembeni ya moto. Mama yangu haone. Asubui miye nilienda kutafuta maji, batoto balikuwa banalia njaa, njo mama akatafuta kuni na mukono. Akamukamata. Wakati nilirudia, uji ilikuwa inatokota." Akafuta uso kwa kile kitambaa. "Niliogopa. Nikaweka muchi yangu. Sina ingine kitu inafanana naye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Nilikuwa na maneno tayari ya mwizi, nimeyapanga wiki nzima. Maneno hayo hayakumfaa mama huyu.

Padri akamwuliza:

"Batoto balikula?"

"Balikula, Monpère."

"Bilitosha?"

"Siku ile, bilitosha."

Akainama, akauchukua mchi kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa kumchukua Mtoto, akaulaza horini. Akapiga magoti. Manung'uniko yakakatika. Mimi nilipiga magoti pia, na safari hii sikuwa namwangalia mtu.

Mke wangu, nimeimba Noeli tangu utoto na sikuwahi kuisikia. Nilidhani Mungu alikuja ili atukuzwe. Siku ile nikaona alikuja mdogo kiasi cha kupotezwa, akajiachia mikononi mwa watu waoga wanaolaumiana, na hata wakimtia motoni kwa kutojua, mtoto wa mtu anapata uji. Sijui kama nasema vizuri, mwulize katekista wa huko. Lakini nililia, na Mama Charlotte alinipa leso inayonuka samaki.

Sasa chumba.

Baada ya misa Papa Anselme alinisubiri mlangoni. Aliniuliza habari zako. Akauliza umri wa Neema. Akasema mvua za mwaka huu ni mbaya, darasa lile linavuja, na shule itafunguliwa karibuni. Nilijua anakokwenda kabla hajafika. Nikawaza, mzee huyu ananizungusha kwa Yesu ili avunje ahadi. Na bado nawaza hivyo kidogo. Kwa hiyo nikasema mimi kwanza, haraka, ili wema usiwe wa kwake:

"Papa, chumba kile mpe Mama Vero."

Akanishika bega, akasema, "Weye njo umesema, tonton." Mpwa wake alikuwa karibu. Nilimtazama. Alinuna. Hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa siku ya Noeli.

Basi umejua. Unaweza kukasirika sasa. Chumba cha pili hakipo. Kipo cha kwangu, kimoja, na pazia ninalolishona. Lakini njoo. Njooni wote wawili, hata wiki ijayo. Nimechoka kula lituma, ndizi za kupondwa, ya kununua na kuzungumza na cherehani. Nakukosa, Mama Neema, naandika bila aibu na mama asikie. Upande wa pili wa ukuta utasikia bibi asiyeona akiwaimbia watoto, anaimba vizuri, na asubuhi ananiita kwa jina kabla sijafungua mlango. Sijui anajuaje kwamba ni mimi. Nachunguza.

Nisalimie mama, asifiche dawa ya goti chini ya mto. Msalimie baba mkwe, fundi wangu wa kwanza, mwambie mkasi wake bado unakata. Msalimie dada yako mkubwa anayemlea Neema ukiwa shambani, na mjomba wangu wa gereji, ile baiskeli yangu aliyoazima namkumbuka nayo. Neema mbusu mashavu yote mawili.

Jambo la mwisho ni hili. Mchi wa Mama Vero utakaa horini mpaka Epifania, na padri anasema huenda ukakaa zaidi. Kinu anacho, cha kutwangia hana. Ukija, beba mchi wetu, mtatwanga pondu pamoja. Lakini usiuzungushie kitambaa. Nataka niuone kwa macho ukishuka nao.

Mumeo anayekungoja,
Papa Neema