Ile Sweta ya Zambarau

Baba Wairimu wangu,

Huko uliko natumai hakuna baridi, kwa hivyo leo tuongee habari ya nguo.

Kila Jumamosi ulikuwa unafundisha wageni kayaki, zile mashua nyembamba za mtu mmoja, kwenye bwawa la shamba la kahawa hapa Ruiru. Jumapili uko mtoni Gatuanyaga. Nami nilikuwa nakutazama ukipanga mkoba. Gatuanyaga, shati moja jepesi la mikono mirefu, basi. Bwawani mwezi wa saba, nguo tatu moja juu ya nyingine. Na jua ni lile lile! Nikauliza mbona. Ukasema mtu wa kayaki havalii jua, anavalia maji. Ya Gatuanyaga ni vuguvugu, ya bwawa yanauma hadi kwa mifupa. Mwanaume akiwa na jibu la haraka hivyo, mimi humshuku.

Halafu nikaipata ile sweta chini ya mkoba. Ya sufu, zambarau, ya kike, imetariziwa maua kifuani. Ai, Baba Wairimu! Ukacheka, ukasema uliichagua kwenye mitumba Gitothua kwa sababu sufu hata ikilowa hutunza joto, na nguo ya ndani lazima ibane mwili. Sweta za wanaume zote zilikuwa zinapwaya. Juu yake unavaa sweta yako ya kawaida, kisha koti la nailoni la kuzuia upepo. Ulieleza vizuri mno. Nikajiambia, siku za mwizi ni arobaini.

Nilikupenda, na wivu ulikuwa unanila. Niliinusa hiyo sweta mara tatu nikitafuta marashi. Ilikuwa na harufu yako tu. Hata hivyo nikampa dada yangu wa Mwihoko, nikakuwekea fulana ya pamba mahali pake. Asubuhi ukaniuliza iko wapi.

"Nenda ukamuulize huyo mwanamke mwenye sweta," nikakwambia.

Ukachukua fulana. Siku hiyo mgeni alipinduka katikati ya bwawa, ukaruka kumwokoa, ukakaa majini muda mrefu. Pamba ikilowa hunyonya joto lote la mwili. Hilo pia ulikuwa umenieleza. Ulirudi meno yakigongana. Kifua kikakushika, na wiki ya pili ukaenda.

Sijamwambia mtu. Wanasema ulikuwa mpango wa Mungu, nami naitikia amina.

Lakini wewe nikwambie yote. Siku ya mazishi sikulia. Nilisimama kando ya kaburi nikiwatazama wanawake mmoja mmoja, nikimtafuta yule atakayelia kuliko mimi. Niliwapitia hadi wa mwisho. Walikuwa dada zako, majirani zetu na akina mama wa kanisa. Wote nawajua. Hapo nikaanguka, watu wakasema mwacheni, ndiyo sasa uchungu umemfikia.

Pumzika, mpenzi. Nimekuamini, lakini nimechelewa.

Mkeo,
Mama Wairimu