Mwenye Baa wa Kwanza

Jumapili, Juni 2006. Moshi.

Baridi tangu asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka huku mtaani kwetu Soweto, mlima hauonekani kabisa. Nimejifungia dukani kwangu, kwenye stesheneri, ingawa Jumapili huwa sifungui. Nyumbani nisingeweza kuandika haya huku mume wangu akinitazama usoni.

Leo nimekwenda kwa mjane wa Silvesta.

Ngoja nianze mwanzo. Mama alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu, na tangu hapo baa yetu ya kule juu ya Mkuu imefungwa. Baba alishafariki, mimi ndiye mtoto pekee, kwa hiyo mama anataka niichukue. Iko barabarani, ina jiko la nyama choma, ina meza ya pool, na wateja wa gulioni hawajawahi kukosekana. Kila mtu ananiambia nina bahati.

Hakuna anayejua kwamba ile baa naiogopa tangu darasa la pili.

Mwaka huo msichana niliyekaa naye dawati moja alikataa andazi langu. Alisema mama yake amemkataza kula chochote kinachotoka kwetu. "Baba yako alimpa Silvesta sumu ili achukue baa." Nilikwenda kulila lile andazi peke yangu nyuma ya madarasa, nikilia, na nilipofika katikati nikaliogopa hata lenyewe. Nikalitupa.

Sasa nina binti wa miaka saba. Tukihamia kule, naye atakaa dawati moja na mtoto wa mtu.

Ndiyo maana tangu Pasaka nimekuwa nikiulizauliza habari za ile nyumba. Nilianza na mama. Ulimi wake umekuwa mzito lakini kumbukumbu iko sawa. Silvesta alianza na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kibanda cha udongo pembeni mwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Mkewe anapika, yeye anauza. Kahawa ilipokuwa na bei akajenga kwa tofali. Miaka ile bia ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, yeye akawa anaipata kutoka Kenya kwa njia za panya, na watu wakawa wanatoka vijiji vya mbali kuja kunywa chupa moja wawili. Ndipo alipomwajiri baba kaunta. Halafu biashara ikaachiwa huru, makreti yakaanza kupanda na lori mchana kweupe, Silvesta akanunua friji, akachorewa bango. Hakulifaidi. Bango halijakauka vizuri, akafa.

Hapo ndipo mama hunyamaza kila mara. Safari hii sikumwachia.

"Alikufaje, mama?"

"Alianguka."

"Wapi?"

"Pale kaunta. Baba yako alikuwa ndio kwanza amemmiminia."

Nilimwambia nitakwenda kwa mjane, na pengine nibebe jani la sale, kama watu wetu wanavyofanya wakienda kuomba radhi. Mama alinikamata mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Ukibeba sale umekiri. Unakiri nini? Wewe unajua nini?"

Sijui kitu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima. Baba alikuwa mtu mpole, aliyenifunga kamba za viatu mpaka nafika darasa la tano. Lakini sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naogopa atajibu.

Basi leo, baada ya misa ya kwanza, nikapanda mpaka upande wa Mamsera, ambako mjane anaishi kwa mwanawe Deo. Sikubeba sale. Nilibeba sukari na mchele.

Deo nilimkuta uani akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Umri wetu unalingana. Aliniangalia kwanza, kisha akasema, "Una sura ya baba yako." Hakusema kwa wema. Akanifuata ndani, akasimama mlangoni na panga lake mkononi, chumba kikawa giza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba. Mwanamke mdogo, amekaa karibu na moto, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Hakushtuka. Aliniambia nikae, akachota mbege kwenye chungu, akanipa kata imejaa mpaka juu.

Kwetu anayekupa mbege huonja kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi. Ndivyo anavyokuonyesha kwamba hakuna kitu ndani. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Yeye hakuonja.

Nilishika ile kata kwa mikono miwili. Nilimfikiria binti yangu. Nilifikiria kusema natumia dawa, kusema tumbo linaniuma, kusema lolote. Mlangoni kuna Deo. Halafu nikaona kwamba nikiirudisha, nitakuwa nimemwambia huyu mama yale yale ninayoogopa kuambiwa mimi.

Nikanywa. Ilikuwa kali, ulezi ukanibaki kwenye meno. Nikakaa nikisikiliza tumbo langu.

"Baba yako naye alikuwa hivyo," mjane akasema. "Kila Krismasi alikuja hapa. Nampa bila kuonja, anamaliza, ananishukuru, anaondoka."

Krismasi! Sisi alikuwa akituaga kwamba anakwenda kusalimia jamaa.

"Ulikuwa unamjaribu, mama?"

"Mwanzoni nilitaka aogope. Nilikuwa na uchungu. Baadaye niliona aibu, lakini nikianza kuonja ningekuwa nimekiri kwamba miaka yote niliacha makusudi."

Nikauliza. Sijui nguvu niliitoa wapi. "Mama, baba yangu alimuua mume wako?"

Deo alisogea. Sikugeuka.

"Silvesta alikuwa akitapika damu tangu kabla ya Kwaresma," akasema. "Mashuka nilifua mimi. Alinikataza kusema. Mwenye baa akijulikana anatapika damu, nani atakunywa kwake? Baba yako alijua kwa sababu alimkuta siku moja stoo, ameinama kwenye ndoo. Naye akakatazwa."

"Na alipokufa?"

"Niliwaambia mashemeji zangu ukweli hata kabla msiba haujaisha. Wakasema namtetea mtu wa kaunta kwa kuwa natembea naye. Wakasema nikirudia neno hilo nitatoka kihambani, na mtoto atabaki. Deo alikuwa hajaanza shule." Akavuta kanga. "Baa hakuna aliyetaka kuikanyaga. Wakamsukumia baba yako kwa bei ya bati zake, halafu wakaanza kuwaambia watu, mnaona, ndicho alichokuwa anakitaka."

"Mama." Ilikuwa sauti ya Deo, na haikuwa ile ya uani. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Ulipokua nilikuta umeshajifunza kuchukia. Niliogopa hiyo chuki itahamia kwangu."

Deo aliegemeza panga ukutani, akatoka. Tulimsikia akiongea na ng'ombe.

Nilipoaga, mjane aliniambia nikifungua baa nimwite, atayasema haya mbele ya watu, hao mashemeji wengi wameshakufa na yeye hana tena wa kumnyang'anya mtoto. Deo alinisindikiza. Njia ilikuwa tope, nyembamba, migomba pande zote, na yeye alitembea nyuma yangu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Tulipofika barabarani ndipo akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Nilikuwa na mpango na ile baa yenu."

"Mpango gani, kaka?"

"Kwa vile imefungwa, hakuna anayelala mle. Petroli nilishanunua."

Mama yangu analala chumba cha nyuma ya ile baa tangu augue, kwa sababu ngazi za nyumbani zimemshinda. Nilimwambia hivyo. Deo alikaa chini pale pale, kwenye majani yenye maji, akashika kichwa.

Gari la kutoka Mkuu kushuka Moshi lilipokuja, alinyanyuka, akalisimamisha yeye, akanifungulia mlango, akasimama mpaka likaondoka.

Kesho nitapanda tena. Nitamwambia mama kwamba baa nitaichukua, na nitamweleza baba alikuwa anakwenda wapi kila Krismasi. La petroli sitamwambia. Nitamhamisha tu kile chumba, nitafute sababu.

Bado naogopa, nisijidanganye. Namwogopa Deo, na sijui asubuhi ataamka na moyo upi.

Lakini baba simwogopi tena. Nina miaka ishirini na tisa, na leo ndiyo siku ya kwanza.