Theluji ya Bure Nyumbani kwa Munganga

Mdogo wangu Veronika,

Nakusalimu sana, wewe na Mama. Goti la Mama iko namna gani na mvua hizi? Na wewe, unakula? Watu wanaotoka huko wanasema umekonda, nami sikupenda kusikia. Mimi ni mzima. Kuna mtu hapa Kabambare ambaye si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii. Kaa kwenye mkeka, soma polepole, na ukifika mahali pa kucheka, cheka kwa sauti majirani wasikie.

Najua hukusahau neno la Anselmi siku ile alipokurudisha Kasongo, kabla mupe, padri wetu, hajawafungisha ndoa. Kwamba yeye ni munganga wa dispensari ya Serikali, kesho atapewa nyumba ya matofali, na wewe hujui hata kuweka ua mezani. Alilisema mbele ya Mama. Mimi nilirudi hapa kwenye cherehani yangu, barazani mwa duka la Mgiriki, na kila asubuhi akipita nilimwambia, "Jambo, shemeji." Alidhani namsalimu. Nilikuwa nanoa kisu.

Basi nyumba yenyewe ya matofali ikabaki tupu, karani aliyekaa humo alihamishwa. Madamu, mke wa Bwana Ajenti, mzungu wa Serikali hapa, akatangaza: siku ya Noeli, baada ya misa, atapita kwa wafanyakazi wote wa Serikali. Atakayekuwa ameirembesha nyumba yake kuliko wengine ndiye atahamia kwenye nyumba hiyo ya sementi.

Anselmi hakuchelewa kuja barazani.

"Shemeji," akasema, maana neno hilo haoni haya kulitamka, "wewe una mikono. Nataka nyumba yangu ipofushe watu macho."

"Utanunua nini?"

"Kununua? Sasa akili iko ya kazi gani?"

Unamjua, hulamba kifuniko cha sardini kabla ya kutupa kopo. Nikakubali. Nilitaka kuwa ndani siku hiyo.

Na kazi niliifanya vizuri, sitakudanganya. Ukuta, yule mwanamke mpya aliyeletwa mahali pako aliupaka udongo mweupe wa mtoni, akachora majani kwa vidole na udongo mwekundu. Mikono yake ni mizuri. Kosa lake ni macho, aliona nini kwa mtu yule? Makopo ya sardini niliyakata nyota. Vipande vya kitambaa vilivyobaki chini ya cherehani nikavishona kwenye uzi kama vibendera, toka mlango hadi dirisha. Makuti mlangoni. Katikati ya nyumba tukasimamisha mti mdogo wa mlimau kwenye ndoo ya udongo.

Anselmi akaleta kalenda ya misioni, yenye picha ya mti wa Ulaya.

"Na hii nyeupe juu ya matawi iko nini?"

"Theluji. Kwao inaanguka toka mbinguni."

"Tutaitoa wapi?"

"Unga wa muhogo unatosha."

"Unga watu wanakula, shemeji." Akafikiri, kisha akacheka peke yake. "Ngoja. Mimi niko na nyeupe yangu."

Hapa simama kidogo, nikueleze. Tangu mvua zianze, akina mama walikuwa wanakuja barazani kuniomba vitambaa vya kufunga vidonda vya watoto. Dispensari waliambiwa pamba imekwisha. Wengine walininong'oneza kwamba haikwishi kwa mwenye kuleta kuku.

Veronika, alirudi na pamba ya Serikali ameikumbatia kama mtoto wa kwanza. Akaanza kuibandika kwenye mlimau, kidogo hapa, kidogo pale. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nashikilia nyota. Ningeweza kumwonya. Nikamwambia, "Weka nyingi, shemeji. Ulaya iko baridi sana."

Akaweka nyingi.

Halafu nilishuka, nikarudi kwenye kazi yangu. Kila mama aliyekuja kuomba kitambaa nilimpa, nikamwambia, "Siku ya Noeli usikose kupita kwa munganga kusalimu. Ameandaa kitu cha kutazama."

Siku ikafika. Madamu aliingia, akaona mti, akashika mashavu. Alisema maneno ya Kifaransa, macho yakamlowa. Nadhani alikumbuka kwao. Bwana Ajenti akampigapiga Anselmi begani. Anselmi akanitazama kwa uso wa mtu ambaye vitanda vyake vimekwisha kuhamia.

Ndipo akina mama wakabisha hodi. Mbele alikuwa Mama Tereza, wa kabila la Wabangubangu, toka ng'ambo ya mto, na mtoto mgongoni, mguu wa mtoto umefungwa kitambaa changu chekundu. Akasalimu wazungu kwa heshima. Kisha akatazama mti, juu hadi chini.

"Munganga, uliniambia pamba imekwisha."

Anselmi akasogea kuuficha mti kwa mgongo.

"Kumbe imekwisha kwetu, kwako inazaa matunda? Na mlimau huu una kidonda wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Labda ulileta kuku!" mmoja akapiga kelele toka mlangoni.

Mama Tereza hakucheka. Alichuma pamba kama mtu anayechuma mboga, akaketi chini pale pale, akafungua mguu wa mtoto, akaanza kuusafisha mbele ya Madamu. Kidonda kilikuwa kibaya. Wengine wakaja nyuma yake, kila mmoja na mkono wake, mpaka mlimau ukabaki mlimau. Bwana Ajenti anasikia Kiswahili vizuri. Akamweleza mke wake, na tabasamu la Madamu likaondoka.

"Shemeji, sema kitu!" Anselmi akanililia.

"Mimi nilileta vitambaa tu," nikasema. "Nyeupe iko yako, ulisema mwenyewe."

Nyumba ya matofali amepewa kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, ambaye hakuweka hata jani moja, ila watoto wake wamejaa mlangoni. Mwanamke mpya amerudi kwao. Anselmi anapelekwa kwenye dispensari ndogo upande wa Nyangwe, na njiani atapita Kasongo. Jana alikuja barazani, sauti chini, akaniomba nikuandikie kwamba amekosa na anakutaka. Haya, nimeandika.

Sasa sikia yangu. Mpe kiti, mpe maji, kwa sababu sisi tulilelewa. Kisha ita Mama, ita na yule jirani mwenye mdomo, halafu mwambie arudie lile neno la ua na meza, kwa sauti ile ile, wote wakisikia. Baada ya hapo mjibu unavyotaka. Jibu ni lako, sitalishona mimi.

Nisalimie Mama, apake goti mafuta ya mawese ya moto. Nisalimie fundi mzee wa karibu na msikiti aliyenifundisha sindano. Nisalimie na mjomba katekista. Najua atasema kisasi ni cha Mungu. Mwambie kwamba Mungu nimembakizia sehemu kubwa.

Sehemu yangu nimeimaliza. Yako iko njiani, inakuja kwa miguu.

Ni mimi kaka yako,
Paulo, fundi wa barazani, Kabambare